Mabati ya Karamoja, Mafuta ya Samburu: Somo Kuhusu Matumizi Mabaya ya Mamlaka

Ndugu wasomaji wetu wa pande zote mbili za mpaka, somo la toleo hili linahusu jambo ambalo wananchi wengi hulizungumza kwa sauti ya chini: kiongozi anapogeuza cheo kuwa shamba lake, na ofisi ya umma inapowageuka wale iliyoundwa ili kuwahudumia. Jambo hili halipendezi kulisikia, hasa likisemwa na polisi, kwa kuwa nasi tu miongoni mwa wale waliokabidhiwa mamlaka. Hata hivyo, idara ya mahusiano na jamii inayonyamazia ufisadi huwa haina mahusiano na jamii. Hubaki kuwa idara ya salamu tu.

Baada ya kulisoma somo hili, tunatarajia kwamba msomaji ataweza kufanya mambo manne. Kwanza, kutofautisha aina za makosa ambayo kwa kawaida huitwa kwa jina moja la rushwa. Pili, kueleza yaliyotokea katika kesi mbili za kweli, moja ya Uganda na nyingine ya Kenya. Tatu, kutambua dalili za ufisadi katika kijiji chake kabla mali haijatoweka. Nne, kujua mahali pa kutoa taarifa na namna ya kuitoa bila kujihatarisha wala kumwonea mtu.

1. Maana ya maneno

Mazungumzo mengi juu ya ufisadi hupotea njia kwa sababu wazungumzaji hawakubaliani juu ya maneno. Tuanze hapo.

Rushwa ni kitu chochote chenye thamani kinachotolewa au kupokewa ili mtumishi wa umma atende, au asitende, jambo lililo katika kazi yake. Si lazima kiwe fedha. Mbuzi, debe la mahindi, kazi kwa mtoto wa ndugu, yote yaweza kuwa rushwa. Sheria humwangalia anayetoa na anayepokea.

Ubadhirifu ni kuchukua au kutapanya mali ya umma iliyo chini ya ulinzi wako. Mtunza ghala anayeuza dawa za zahanati hahitaji kupewa rushwa na mtu. Yeye mwenyewe ndiye mwizi mwenye ufunguo.

Mgongano wa maslahi hutokea pale mtumishi wa umma anapokaa pande mbili za meza moja: upande wa serikali inayonunua na upande wa mfanyabiashara anayeuza. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa bidhaa huenda ikawa imefika kweli na bei ikaonekana ya kawaida. Kosa limo katika kule kukaa pande mbili.

Matumizi mabaya ya mamlaka ni kutumia madaraka ya ofisi kutenda jambo la kionevu, lenye kudhuru haki za mtu au maslahi ya umma. Chini yake yanaingia mambo ambayo hayana harufu ya fedha kabisa: kumweka mtu mahabusu ili kumtisha, kumnyima mjane msaada kwa kuwa mwanawe alimpigia kura mpinzani, kulifuta jina la kijiji kizima katika orodha kwa sababu ya chuki ya ukoo.

Kushughulika na mali yenye mashaka ni kupokea, kuficha, kutumia au kuuza mali huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imetokana na kosa. Kosa hili la mwisho halijulikani sana vijijini, nalo ndilo litakalotupeleka kwenye kesi yetu ya kwanza.

2. Mabati ya Karamoja

Eneo la Karamoja, lililo kaskazini mashariki mwa Uganda, lina wilaya tisa na limepakana na Turkana na Pokot Magharibi za Kenya. Wakazi wa huko hawahitaji kusimuliwa habari za bunduki na wizi wa mifugo. Mwaka 2021, baada ya uvamizi kuzidi tena, vyombo vya usalama vilianza operesheni ya kukusanya silaha iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Mwaka uliofuata ukaja na njaa kali.

Katika mazingira hayo serikali iliandaa msaada kwa ajili ya Karamoja, yakiwamo mabati na mbuzi. Msaada ulikusudiwa kuwafikia vijana walioacha uvamizi na kusalimisha silaha, pamoja na wanajamii wasiojiweza. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mchungaji: weka bunduki chini, nawe utapata paa juu ya kichwa na mnyama wa kuanzia maisha.

Mabati hayo yalihifadhiwa katika bohari ya Ofisi ya Waziri Mkuu huko Namanve, karibu na Kampala, nayo yalikuwa na alama ya ofisi hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2023 vyombo vya habari vilianza kuripoti kwamba sehemu ya mabati hayo haikupanda kwenda Moroto, Kotido wala Amudat, bali ilikuwa imekwenda kwa wakubwa. Kamati ya Bunge ikafanya uchunguzi wake, na wapelelezi wa jinai wakaanza kufuatilia bati kwa bati. Mwezi Aprili 2023 mawaziri watatu walifikishwa mahakamani, kila mmoja kwa mashtaka yake.

Miongoni mwao alikuwamo Agnes Nandutu, Waziri wa Nchi wa Masuala ya Karamoja, yaani mmoja wa wale waliowekwa mahsusi kulisimamia eneo hilo. Shtaka lake lilihusu mabati 2,000 yaliyotoka katika bohari ile na kufikishwa Wilaya ya Mukono, mbali kabisa na Karamoja. Mwezi Aprili 2025, Kitengo cha Mahakama Kuu cha Kupambana na Rushwa kilimtia hatiani kwa kosa la kushughulika na mali yenye mashaka na kumhukumu kifungo cha miaka 4. Kama kila aliyehukumiwa, sheria inampa haki ya kukata rufaa. Kuhusu washtakiwa wengine, somo hili halisemi lolote juu ya hatia yao, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mahakama peke yake.

Msomaji aangalie vizuri kosa lenyewe. Upande wa mashtaka haukulazimika kuonyesha kwamba waziri aliingia bohari usiku akabeba mabati kichwani. Swali lilikuwa kama mtu mwenye nafasi kama yake, aliyepokea mabati yenye alama ya serikali, alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mali hiyo haikuwa yake. Funzo kwa mwananchi wa kawaida ni kwamba neno "nilipewa" si ngao. Ukiuziwa mtaani gunia la unga lenye alama ya msaada, dawa zenye muhuri wa serikali, au bati lenye jina la ofisi ya umma, basi alama ile imekwisha kukuambia habari zake. Ukinunua huku umefumba macho, umeingia katika mnyororo.

Sasa tuulize: hasara ya mabati yale ni kiasi gani? Mhasibu atahesabu bei ya bati moja na kuzidisha. Hesabu hiyo ni sahihi lakini haijafika. Kijana aliyesalimisha bunduki alikuwa ameingia katika ahadi na dola. Alijivua kinga aliyoifahamu, akisubiri kinga nyingine aliyoahidiwa. Mvua inapomnyeshea katika nyumba isiyo na paa, naye anasikia kwamba paa lake liko juu ya jengo la mtu mwingine, ahadi ile huvunjika. Askari anayekwenda tena kumwomba silaha mwaka unaofuata huenda na maneno yasiyo na uzito. Na jirani yake wa ng'ambo ya mpaka, ambaye hata hakujua kwamba kulikuwa na mabati, ndiye atakayeamka na kukuta zizi tupu. Kwa hiyo mali ya umma inayoibwa ofisini mjini huweza kulipwa kwa damu kwenye malisho.

3. Mafuta ya Samburu

Tuvuke mpaka. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iligawa madaraka na fedha kwa serikali za kaunti 47, ambazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Nia ya ugatuzi ilikuwa njema: maamuzi yakaribie wananchi, hasa wa maeneo ya wafugaji yaliyoachwa nyuma kwa miaka mingi. Kaunti ya Samburu, inayopakana na Turkana, ni mojawapo ya maeneo hayo.

Gavana wa kwanza wa Samburu, Moses Lenolkulal, alishtakiwa mwaka 2019 kuhusiana na ununuzi wa mafuta ya magari ya kaunti. Mafuta hayo yalinunuliwa katika kituo cha mafuta chake mwenyewe, na fedha zilizohusika zilizidi shilingi milioni 80 za Kenya. Mwezi Agosti 2024 mahakama ya kupambana na ufisadi ilimtia hatiani na kumtoza faini ya zaidi ya shilingi milioni 85, au kifungo cha miaka 8 akishindwa kulipa.

Huenda msomaji akauliza: kama magari yalijazwa mafuta kweli, tatizo liko wapi? Je, gavana akanunue kwa adui yake? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha mgongano wa maslahi. Kaunti inaponunua mafuta, ni lazima awepo mtu wa kusema "bei hii ni kubwa," au "lita hizi hazilingani na safari zilizofanywa," au "kituo kile kingine kina nafuu." Muuzaji akiwa ndiye mkuu wa kaunti, ni karani gani atakayethubutu kusema hayo? Kinywa cha mkaguzi hufungwa bila mtu yeyote kutamka neno la vitisho. Na mfanyabiashara mwingine wa mji ule, mwenye kituo kidogo na watoto wa kusomesha, hufungiwa mlango asioujua kuwa ulikuwapo. Kwa sababu hiyo sheria haisubiri hadi ithibitike kwamba bei iliongezwa. Inakataza kukaa pande zote mbili tangu mwanzo.

Kesi hii ilileta funzo jingine. Mwezi Julai 2019 Mahakama Kuu ya Kenya, katika uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi, ilikubali kwamba gavana anayekabiliwa na mashtaka ya ufisadi azuiwe kuingia ofisini mwake wakati kesi inaendelea. Hoja ni rahisi kwa yeyote aliyewahi kuona eneo la tukio likizungushiwa utepe: mtuhumiwa haachwi akae na vielelezo na mashahidi. Ofisi yenye hati na wafanyakazi waliozisaini ni eneo la tukio kama ilivyo nyumba iliyovunjwa. Uamuzi huo haukumtangaza mtu kuwa na hatia. Ulilinda ushahidi ili ukweli, wowote uwao, ujulikane.

Tazama pia urefu wa safari: mashtaka 2019, hukumu 2024. Ni miaka mitano. Tunalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa wananchi wengi huripoti jambo leo na wiki ijayo wakaona kimya, wakahitimisha kwamba faili limeuzwa. Yawezekana limeuzwa, na hapo chini tutaeleza la kufanya. Lakini yawezekana pia kwamba mpelelezi yumo katika kuhesabu risiti za mafuta moja baada ya nyingine.

4. Mambo yanayofanana

Kesi mbili, nchi mbili, sheria mbili. Hata hivyo, ukiziweka pamoja utaona njia ile ile ya ng'ombe.

Kwanza, walengwa hawakujua haki yao kwa hesabu. Mwananchi anayejua tu kwamba "serikali italeta mabati" hawezi kujua kama yameibwa. Anayejua kwamba kijiji chake kimetengewa mabati 120 kwa kaya 12 anaweza kuhesabu. Tarakimu ndiyo silaha ya kwanza ya mwananchi.

Pili, funguo nyingi zilikuwa karibu na watu wachache. Anayeidhinisha asiwe anayetunza. Anayetunza asiwe anayegawa. Anayegawa asiwe anayeandika taarifa ya mwisho. Hata katika chama cha kuweka akiba cha kina mama, sanduku huwa na kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu. Wanawake hao hawakufundishwa na jaji. Walijifunza kwa kuibiwa.

Tatu, walikuwapo watu walioona. Madereva walipakia. Makarani waliandika. Mafundi walipigilia misumari. Katika kila ufisadi mkubwa kuna watu wadogo wengi waliojua sehemu ndogo, na kila mmoja akajiambia kwamba sehemu yake haina uzito.

Nne, palikuwapo na udhuru wa kimila. Hapa tuseme wazi kuhusu methali inayotumiwa vibaya: mkono mtupu haulambwi. Wazee walipoisema walikuwa wakizungumzia ukarimu na kujituma. Mtu asiyetoa jasho asitarajie kupata. Leo mtumishi mwenye mshahara huitumia kumdai mjane elfu tano ili amgongee muhuri. Kumpelekea mzee zawadi ya maziwa nyumbani kwake ni heshima. Kumpelekea afisa zawadi ili akupe kilicho chako ni kulipa mara mbili. Kipimo ni rahisi: je, zawadi hii ningeitoa hadharani, mbele ya mkutano wa kijiji, na je, ningeitoa kama yule mtu asingekuwa na cheo?

5. Kituo cha polisi nacho ni ofisi ya umma

Haitakuwa haki kuwafundisha wananchi kuwakagua mawaziri na magavana halafu tukazime taa tunapofika kituoni. Katika maeneo ya mpakani malalamiko yanayotufikia mara kwa mara ni ya fedha zinazodaiwa vizuizini, mifugo inayoshikiliwa bila hati, na jamaa wanaoambiwa walete "kitu kidogo" ili ndugu yao aachiliwe. Kila askari anayefanya hivyo anatenda kosa lile lile tulilolieleza juu, ila kwa kiwango cha mfukoni. Kwa mtu maskini kiwango cha mfukoni ndicho kinachouma zaidi.

Kwa upande wa Uganda, msomaji akariri mambo haya. Dhamana ya polisi ni bure. Hakuna ada ya fomu wala ya kalamu wala ya mafuta ya pikipiki. Mtu aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, na Katiba inaagiza afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala isizidi saa 48. Mateso yamekatazwa kabisa, na Sheria ya Kuzuia na Kupiga Marufuku Mateso ya mwaka 2012 haikubali utetezi wa askari kwamba aliagizwa na mkubwa wake. Mali inayochukuliwa na polisi, awe ng'ombe au pikipiki, yapasa iandikwe, na mwenyewe ana haki ya kuomba hati.

Ukitendewa kinyume, mkuu wa kituo ndiye mlango wa kwanza. Kama mlalamikiwa ni yeye mwenyewe, usirudi kwake. Nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, au kwa Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma ndani ya Jeshi la Polisi, ambacho kazi yake ni kuchunguza mienendo ya askari. Nje ya polisi kuna Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda na Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Kutumia mlango wa nje si uadui kwa polisi. Nyumba yenye mlango mmoja huungua pamoja na watu.

6. Namna ya kutoa taarifa

Katiba ya Uganda, katika ibara ya 17, inautaja wajibu wa kila raia wa kupambana na ufisadi na matumizi mabaya ya mali ya umma. Kuripoti, kwa hiyo, si umbea. Lakini wajibu bila ulinzi ni mtego, na ndiyo maana ilipitishwa Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya mwaka 2010. Sheria hiyo inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema dhidi ya kuteswa au kulipiziwa kisasi kwa sababu ya taarifa yake, inakataza utambulisho wake kufichuliwa, na inaruhusu apewe asilimia 5 ya fedha zitakazorejeshwa kutokana na taarifa hiyo. Milango ya kupeleka taarifa ni mingi: Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Tume ya Haki za Binadamu, ofisi ya mwakilishi wa Rais wilayani, Bunge, na polisi. Kwa walio upande wa Kenya, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, iliyoanzishwa mwaka 2011, ndiyo yenye jukumu hilo.

Kabla ya kwenda, andaa taarifa yako hivi:

(a) Andika ulichokiona wewe mwenyewe, kisha kando yake ulichosikia kwa wengine. Usivichanganye. Mpelelezi atavitumia vyote, lakini kwa namna tofauti.

(b) Taja siku, saa, mahali, namba ya gari, alama zilizokuwa juu ya mzigo, na idadi. "Waliiba mabati mengi" haimsaidii mtu. "Jumanne jioni lori lilishusha mabati yapatayo 60 yenye alama ya serikali nyuma ya duka fulani" ni mwanzo wa upelelezi.

(c) Hifadhi hati au picha uliyo nayo, na ubaki na nakala. Usiingie ofisi ya mtu kuchukua karatasi kwa nguvu. Ushahidi ulioibwa huleta kesi ya pili.

(d) Usitangaze kijijini kwamba umeripoti. Wengi waliodhurika walisalitiwa na maneno yao wenyewe kwenye kilabu cha pombe.

(e) Omba namba ya kumbukumbu ya taarifa yako na jina la afisa aliyeipokea. Baada ya muda wa kutosha, fuatilia. Ukiona kimya kisicho na maelezo, peleka nakala kwenye mlango mwingine, ukieleza mahali ulipoanzia na tarehe.

Jambo la mpakani ni la pekee. Mali ya umma ya nchi moja huvushwa kwa njia za panya na kuuzwa nchi ya pili, ambako alama yake haitambulikani. Mwananchi anaweza kutoa taarifa kwenye kituo cha polisi cha upande wowote alipo. Majeshi ya polisi ya kanda hii yana ushirikiano wa muda mrefu kupitia shirikisho la wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1998, na taarifa za kihalifu hupitishwa kati ya nchi na nchi. Usijiambie kwamba mali ile si ya serikali yako. Kesho yako ndiyo itakayovushwa.

Sambamba na hayo tunatoa onyo. Sheria inamlinda anayesema kwa nia njema. Haimlindi anayebuni shutuma ili kumwangusha mpinzani wa kisiasa au kulipiza kisasi cha shamba. Tena, tuhuma si hukumu. Kumpiga au kumchomea nyumba mtu kwa kuwa ametajwa katika mabati ni kosa la jinai, nalo huharibu kesi, kwa maana shahidi huchanganyikana na mshtakiwa mpya.

7. Zoezi la kijiji

Tuseme kijiji chenu kimetengewa magunia 40 ya mahindi ya msaada. Mwenyekiti wa baraza la kijiji anapokea magunia 40 kwa saini. Magunia 31 yanagawiwa. Anapoulizwa, anasema 5 yaliharibiwa na mvua na 4 yalitumika kuwalipa wapakuzi. Hakuna aliyeona mahindi yaliyooza, na wapakuzi wanasema walilipwa gunia moja tu. Siku tatu baadaye magunia yenye alama ile ile yanaonekana sokoni ng'ambo ya mpaka.

Katika mkutano wenu, jadilianeni maswali haya:

1. Ni makosa gani kati ya yale tuliyoyaeleza katika sehemu ya kwanza yanaweza kuwapo hapa, na ni yapi ambayo bado hayana ushahidi?

2. Ni nani aliyepaswa kuwapo wakati wa kupokea mzigo ili jambo hili lisiwezekane?

3. Mwenye duka aliyeyanunua magunia sokoni anasema hakujua. Ni mambo gani yanayoonyesha kwamba alikuwa na sababu ya kuamini vinginevyo?

4. Mwenyekiti ni shemeji yako. Utaanzia wapi?

5. Mahindi yakiwa yameharibika kweli kwa mvua, ni hati gani ambayo ingemlinda mwenyekiti asiye na kosa?

Swali la tano lisirukwe. Kumbukumbu nzuri haikuwekwa kwa ajili ya kumnasa mwizi tu. Ndiyo kinga ya kiongozi mwaminifu siku anaposingiziwa. Kiongozi anayebandika orodha ya walengwa kwenye mti wa mkutano, anayehesabu mzigo mbele ya wazee, wanawake na vijana, na anayesoma matumizi kwa sauti, hulala usingizi.

Tunashauri kila kijiji cha mpakani kichague watu watatu, mmoja akiwa mwanamke na mmoja kijana, wasio na undugu na viongozi wanaogawa misaada. Kazi yao iwe kuuliza kiasi kilichotengwa kabla mzigo haujafika, kuhesabu unapofika, na kuandika katika daftari moja linaloweza kusomwa na yeyote. Afisa wa mahusiano na jamii wa kituo chenu anapokuja kwenye mkutano, mwonyesheni daftari hilo. Na mwulizeni pia kuhusu kituo chake: ni watu wangapi waliodhaminiwa mwezi huu, na je, kuna aliyetozwa chochote? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa mwingine uko kwenye ukuta wetu sisi.